Ujira wa Dalali: Nasaha kwa Muuzaji na Mnunuzi wa Nyumba

Mtu atakaye kuuza nyumba yake Dar es Salaam, iwe Tabata, Kimara au Kinyerezi, hapitishi siku nyingi baada ya kumdokezea jirani nia hiyo kabla hajajiwa na dalali wa kwanza. Na dalali huyo, akiisha kuketi barazani na kuisifu nyumba hata mwenyewe akaiona mpya, hutaja ujira wake kwa kauli nyepesi: asilimia 5 akiwa mpole, asilimia 10 akiwa amezoea kupata. Muuzaji huguna, lakini aghalabu hukubali, kwa kuwa ameambiwa, na pengine anaamini kwa moyo wake, ya kwamba dalali alipwaye vizuri atahangaika vizuri, na kwamba ujira ukiwa mkubwa na bei nayo itakuwa kubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuzaji huyo, na kwa ajili ya mnunuzi asimamaye upande wa pili wa mlango, ili kila mmoja apime, kabla ya kutia sahihi, ujira mkubwa unanunua nini hasa, na nini hauwezi kukinunua hata ukiongezwa maradufu.

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba inayoweza kuuzwa kwa shilingi 120,000,000, na dalali aliyeahidiwa asilimia 5. Leo amempata mnunuzi wa 112,000,000 aliye tayari kulipa. Biashara ikifungwa leo, fungu la dalali ni 5,600,000. Akisubiri mwezi mmoja zaidi, akazunguka na wateja wengine juani, akapiga simu na kulipa nauli, hata akampata wa 120,000,000, fungu lake ni 6,000,000. Wewe mwenye mali umeongezewa 8,000,000 kabla ya kutoa ujira. Yeye, kwa mwezi mzima wa taabu, ameongezewa 400,000, nazo huenda akazigawa na dalali mwenzake aliyemletea mteja. Ni nani mwenye akili timamu, mwenye kodi ya chumba na ada za watoto zinazomngoja, atakayeziacha 5,600,000 za leo kwa sababu ya 400,000 za mwezi ujao, ambazo pengine hazitakuja kabisa?

Sasa mpandishie ujira uwe asilimia 10. Fungu la leo limekuwa 11,200,000, na fungu la kungoja limekuwa 12,000,000. Tofauti imekua hata kufika 800,000, walakini kile anachokiogopa kumponyoka nacho kimekua kwa kadiri ile ile, na kwa hiyo mizani haikusogea. Umemfanya apende zaidi biashara ifungwe. Hukumfanya aipende bei yako. Huu ndio msingi wa yote yatakayofuata, na msomaji akilisahau kila jambo jingine, hili asilisahau: ujira wa asilimia ile ile kwa bei nzima hununua haraka na bidii ya kuuza, ambavyo ni vitu vyenye thamani yake, lakini hauwanunulii muuzaji bei wala mnunuzi ukweli.

Wako watakaosema kwamba hizi ni dhana za mtu aliyeketi na kalamu. Lakini huko Marekani, ambako mauzo ya nyumba huandikwa kwa utaratibu na yeyote huweza kuyasoma, jambo hili limechunguzwa kwa upana. Wanauchumi wawili, Steven Levitt na Chad Syverson, walilinganisha karibu nyumba 100,000 zilizouzwa katika eneo la Chicago na vitongoji vyake, ambazo miongoni mwake zaidi ya 3,000 zilikuwa mali ya madalali wenyewe, wakatangaza matokeo yao mwaka 2008: dalali auzapo nyumba yake mwenyewe huiacha sokoni kwa wastani wa siku 9 na nusu zaidi, naye huiuza kwa bei iliyozidi kwa takriban asilimia 3.7 ile ya nyumba ya mteja wake iliyo sawa nayo. Zingatia ya kuwa mtu ni yule yule, maarifa ni yale yale, na soko ni lile lile. Kilichobadilika ni mali ya nani iliyokuwa ikiuzwa. Wala ujira wa huko haukuwa mdogo hata tuseme walikosa motisha, maana kwa miaka mingi ulikuwa ukienda asilimia 5 hadi 6, ukigawanywa baina ya dalali wa muuzaji na dalali wa mnunuzi. Mwaka uliofuata, wachunguzi wengine walitoa habari za mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, ambako wenye nyumba waliotangaza na kuuza wenyewe hawakupata bei ya chini kuliko waliotumia madalali. Walichopoteza ni muda, kwani nyumba zao zilikawia zaidi kupata mnunuzi.

Ujira huo wa Marekani uliishia mahakamani. Oktoba 2023, huko Kansas City, baraza la mahakama liliwapa ushindi wauzaji wa nyumba dhidi ya chama kikuu cha madalali, National Association of Realtors, na makampuni kadhaa, kwa hoja kwamba utaratibu wao uliwalazimisha wauzaji kumlipa hata dalali wa upande wa pili, na fidia ikakadiriwa kuwa takriban dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kilikubali suluhu ya dola milioni 418, na tangu Agosti mwaka huo mnunuzi hutakiwa kuandikiana na dalali wake, ujira ukiwa umetajwa, kabla ya kutembezwa nyumba. Uingereza, kwa upande wake, ujira wa dalali wa muuzaji huwa mara nyingi kati ya asilimia 1 na 2, na nyumba huko zinauzwa kila siku.

Hata hivyo Dar es Salaam si Chicago, na muuzaji wa Kimara asidhani kwamba anaweza kuichukua fatwa ya huko akaitumia hapa bila kuipima. Huko bei ya nyumba ya jirani iliyouzwa mwezi uliopita si siri. Hapa bei ya kweli huijua mwenye kuuza, mwenye kununua na dalali, na kati ya hao watatu ni dalali peke yake azijuaye bei za mtaa mzima. Kenya ina Sheria ya Madalali wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili, ingawa wasiosajiliwa hawakukoma. Tanzania Bara imeliendesha soko hili miaka mingi pasipo sheria mahsusi kwa madalali wa nyumba, hata yeyote mwenye simu, maneno matamu na urafiki na mwenye duka la pembeni akawa dalali. Hivyo basi kile akuuziacho dalali wetu, kwa hakika, ni habari: nani anauza, nani anatafuta, na nani ana pesa mkononi. Ni bidhaa halali na yenye faida, na mtu mwenye insafu hawezi kumwita kila dalali mwizi. Lakini kwa sababu ujuzi wote uko upande mmoja, hatari ya hapa haikomei kwenye haraka ya dalali wa Chicago. Hatari ya hapa ni cha juu, yaani fedha ambayo dalali hujiongezea kwa siri kati ya bei ya muuzaji na ya mnunuzi.

Hebu tuitazame kwa karibu. Dalali amemfikia mwenye nyumba, naye badala ya kumwuliza nyumba ina thamani gani, amemwuliza swali moja lenye upole: “Mzee, wewe unataka ngapi mkononi?” Mzee, ambaye hakumwita mthamini wala hajui nyumba ya nyuma yake iliuzwa kwa bei gani, ametaja 115,000,000. Wiki mbili zimepita. Dalali amesimama chini ya mwembe na mnunuzi, akajitenga hatua chache na kupiga simu: “Shikamoo mzee. Mteja wangu huyu hapa, pesa yake iko benki, lakini soko limelala. Watu wa Goba wanatoa kwa bei ya kutupa. Kaishia mia na kumi. Tukimwacha leo, kesho anachukua ya Madale.” Mzee ameguna, akakubali. Dalali amerudi chini ya mwembe na sura ya mtu aliyeshindwa: “Bosi wangu, mzee kakaza. Mia na ishirini na tano, na kuna mama mmoja aliiona jana, Jumamosi anarudi na mumewe.” Mnunuzi ameogopa Jumamosi, akakubali. Kati ya simu ile na maneno haya zimezaliwa shilingi 15,000,000 ambazo muuzaji hajui kuwa zipo na mnunuzi hajui kuwa si za muuzaji. Na dalali, baada ya kuzichukua, atadai pia asilimia zake, tena bila haya.

Baadhi ya wauzaji, wakisimuliwa haya, hujibu kwamba wao walipata walichokitaka mkononi, na kilichozidi si chao. Ni kosa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika sehemu yake ya uwakala, humtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma na kumkabidhi alichokipokea kwa niaba yake. Tena wakala akifanya biashara kwa manufaa yake mwenyewe katika jambo alilotumwa, pasipo ridhaa ya aliyemtuma, basi faida ile aliyemtuma anaweza kuidai. Lakini kudai mahakamani ni safari ndefu, na cha juu hakina stakabadhi. Njia nyepesi ni kuuziba mlango kabla hakijaingia: muuzaji na mnunuzi waonane uso kwa uso, bei itajwe na wote wawili wakisikia, na mnunuzi alipe katika akaunti ya mwenye mali bila kupitia mkono wa tatu. Dalali akikwambia kwamba mwenye nyumba hapendi kuonana na wateja, au akimwambia mwenye nyumba kwamba mteja ni mtu mkubwa asiyetaka kujulikana, ujue umefika penye mlango wenyewe.

Sasa nimwelekee muuzaji. La kwanza, usianze na dalali. Anza na mthamini. Wathamini wa Tanzania husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016, na mthamini hulipwa kwa kazi ya kuthamini, nyumba iuzwe au isiuzwe, kwa hiyo hana sababu ya kuishusha bei ili biashara ipite wala kuipandisha ili akupendeze. Gharama yake utaiona nzito siku ya kuilipa; ilinganishe na zile 15,000,000 za chini ya mwembe.

Ukiisha kuijua thamani, patana na dalali kwa namna inayomfanya atamani kile unachokitamani wewe. Tuseme mthamini amekuambia 120,000,000. Badala ya asilimia 5 ya bei nzima, mwandikie dalali asilimia 3 ya 110,000,000 za mwanzo, yaani 3,300,000, na asilimia 20 ya kila shilingi itakayozidi hapo. Akimleta yule wa 112,000,000, atapata 3,700,000; akimleta wa 120,000,000, atapata 5,300,000. Tazama mambo mawili katika mapatano haya. Wewe umelipa pungufu ya zile 6,000,000 ambazo ungelilipa kwa asilimia 5, na yeye kwa kungoja amepata 1,600,000 badala ya 400,000, yaani mara nne. Mtu aliyekuwa akikuambia soko limelala ataanza kuliamsha. Akikuletea wa 130,000,000 utamlipa 7,300,000, ambazo ni nyingi kuliko asilimia 5, nawe utazitoa kwa furaha. Huu ndio ujira mkubwa ambao mimi sioni ubaya wake: ni mkubwa pale tu ulipopata zaidi, na umekubaliwa mchana kweupe. Cha juu, ukikifikiri vema, ni mapatano ya namna hii hii yaliyofanywa gizani na mtu mmoja.

Lakini hadhari: mapatano haya yote yamesimama juu ya ile 110,000,000. Ukimwacha dalali aitaje yeye, atakutajia 90,000,000, na kwa bei ile ile ya 120,000,000 atachukua 8,700,000. Kiwango cha mwanzo kitoke kwa mthamini, kisitoke barazani. Na kama dalali mwenyewe atakataa hesabu za namna hii, akisema kwamba yeye hufanya kazi kwa asilimia 10 tu na hana mengine, usimgombeze. Mshukuru, mpe chai, kisha utafute mwingine, maana amekufahamisha kwamba hana imani ya kuiuza nyumba yako kwa bei nzuri.

Andikianeni. Hata karatasi moja yatosha, maadamu imetaja nyumba, ujira na jinsi unavyohesabiwa, muda wa mapatano, na sharti kwamba dalali hatapokea chochote kutoka upande wa pili pasipo wewe kujua. Muda uwe mfupi, mathalan siku 90, na katika muda huo nyumba awe nayo dalali mmoja. Najua kwamba desturi ya kwetu ni kinyume chake: mwenye nyumba humpa kila ajaye, akidhani kuwa wengi watamletea wengi. Matokeo yake ni nyumba moja kutangazwa mitandaoni na madalali kumi kwa bei kumi, picha ni zile zile, mmoja akisema 118, mwingine 140, hata mnunuzi akiiona mara ya tatu husema moyoni kwamba ina kasoro. Tena dalali anayejua kuwa wenzake tisa wanakimbilia mlango ule ule hana nafasi ya kungoja bei. Humleta yeyote, kwa lolote, leo. Na mnyororo nao hurefuka, kwani dalali wa Tabata humpigia wa Segerea, na wa Segerea ana mtu wake Kariakoo, kila mmoja akitaka fungu, na fungu la wote ni lazima litoke katika nyumba yako. Andika kwamba ujira ni mmoja, na kwamba dalali akishirikiana na wengine atawagawia kutoka katika wake.

Weka pia sharti la wateja waliotajwa: dalali akupe kwa maandishi majina ya watu aliowaleta, na ikiwa mmoja wao atanunua baada ya siku 90 kwisha, utamlipa. Hii ni haki yake, nawe ukimdhulumu hapa usishangae mwingine akikudhulumu kwingine. Na ujira uwe wajibu pale bei itakapokuwa imelipwa yote, wala si siku ya arbuni. Dalali aliyelipwa siku ya arbuni hana tena haja ya kujua kama malipo ya pili yatakuja.

Iko hali ambayo ujira mkubwa una hoja, nami nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba kila asilimia 10 ni ujinga. Nyumba ya mirathi yenye warithi saba, wawili wakiwa Muscat, mmoja London, na mmoja haongei na wenzake, si nyumba ya kuuzwa kwa matangazo. Kunatakiwa mtu wa kuwaendea mmoja mmoja, kufuatilia barua za msimamizi wa mirathi mahakamani, na kuwaweka pamoja mpaka siku ya sahihi. Nyumba iliyo bondeni isiyo na njia ya gari, au yenye mpangaji asiyetaka kutoka, ni hivyo hivyo. Hapo unanunua ustahimilivu, na ustahimilivu una bei yake. Lakini itaje kazi hiyo kwa jina lake katika karatasi, na kila hatua uipangie malipo yake. Nao walio mbali, Oman, Ulaya au Marekani, ambao aghalabu ndio watozwao asilimia kubwa kuliko wote kwa kuwa hawapo kuona, nawanasihi jambo moja: aliyekutafutia mnunuzi asiwe ndiye mwenye hati ya uwakala ya kutia sahihi kwa jina lako, na wala akaunti ya kupokelea pesa isiwe yake, hata kama ni mtoto wa shangazi. Ukimpa mtu mmoja kazi zote tatu, umempa nyumba.

Mnunuzi naye asikilize, maana mambo yake ni machache lakini ni mazito. Yule dalali akuitaye bosi, akufunguliaye geti na kukuonyesha maji yanavyotoka bombani, si wako. Hulipwa nyumba ikiuzwa, na akiwa na asilimia ya bei, kila shilingi utakayopunguziwa inampunguzia naye. Usimwonyeshe mfuko wako. Ukimwambia kwamba unaweza kufika 130 lakini ungependa 115, kwa kawaida nyumba zote utakazoonyeshwa kuanzia siku hiyo zitakuwa za 130. Ukitaka dalali awe wako, mlipe wewe, kiasi kisichofuata bei, na uandikiane naye kwamba hapokei kitu kwa muuzaji. Wachache watakubali, na hao wachache ndio wa kushika.

Umewahi kupita mitaa ya Dar es Salaam ukaona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hustaajabu, kwani ni nani atangazaye kitu asichokiuza? Mwenyeji anajua. Nyuma ya kila ukuta wa namna hiyo kuna mtu aliyerudi safari akawakuta wageni wakiipima sebule yake, au ndugu mmoja aliyeiuza nyumba ya wote, au mume aliyetaka kuiuza mkewe asijue. Dalali wa hapo alikuwa na ujira wake, pengine mkubwa, nao haukumzuia, kwa sababu kuhakiki kwamba muuzaji ndiye mwenye mali hakumwongezei kitu, na huenda kukamharibia biashara. Kazi hiyo basi inunue mahali pengine. Nyumba ikiwa na hati miliki, fanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa, muda wa miliki uliobaki, na kama benki inaidai. Ikiwa na leseni ya makazi, ulizia palipotolewa leseni hiyo. Nyumba ya ndoa haiuzwi pasipo ridhaa ya mwenzi, ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa hiyo mtake mume au mke naye atie sahihi mbele ya wakili, wala usikubali kuambiwa kuwa mama yuko safarini. Ongea na majirani wawili, wa kushoto na wa kulia, dalali akiwa hayupo. Watakuambia habari za mpaka, mafuriko na kesi kwa bei ya salamu. Tena wakili awe uliyemchagua wewe, si yule ambaye dalali anakuambia ofisi yake iko karibu na hana gharama. Kwa Unguja na Pemba sheria ya ardhi ni nyingine, nawe wakili umchukue wa huko.

Kuhusu fedha ya kuonyeshwa, ile elfu kumi au ishirini inayodaiwa kabla ya kufunguliwa mlango, mimi kwa nyumba ya kununua siitoi. Mtu mwenye asilimia za mamilioni mbele yake hahitaji nauli yangu, na aihitajiye mara nyingi hana nyumba ya kuonyesha. Wapangaji wana desturi yao nyingine, ya kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, nayo ni ujira mzito mno kwa kazi ya alasiri moja; ila huko hasara yako ina kikomo, na nafasi ya kuzungumza bei ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi.

Limebaki jambo la kodi, ambalo dalali hupenda kulitatua kwa ushauri wa bure: andikeni katika mkataba bei ndogo, mpunguze kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1. Mbali na kuwa ni kosa la jinai, anayeumia ni mnunuzi. Bei iliyoandikwa leo ndiyo gharama yake siku atakapouza yeye, na ikiwa imeandikwa 60,000,000 ilhali alilipa 120,000,000, faida yake ya uongo itatozwa kodi ya kweli. Na biashara ikivunjika mahakamani, atarudishiwa iliyoandikwa. Muuzaji naye anayo njia iliyo halali ya kuipunguza kodi hiyo hiyo, maana faida huhesabiwa baada ya kutoa gharama za kununua, za kuboresha na za kuuza, na ujira wa dalali ni miongoni mwake. Lakini ni ujira wenye stakabadhi. Kwa hiyo siku ya malipo mkutane kwa wakili. Mnunuzi alipe katika akaunti ya muuzaji. Muuzaji, akiisha kuziona fedha zimeingia, amlipe dalali wake kwa njia ya benki siku hiyo hiyo, bila kumzungusha, na apokee kwake stakabadhi yenye jina kamili, namba ya mlipakodi, kiasi na anwani ya nyumba. Dalali asiyetaka jina lake lionekane katika karatasi hiyo, mwulize sababu wakili akiwapo.